Programu ni ya bure, hela inatoka wapi?

Kwa wakazi wa Arusha, Sakila ni mahali. Kwa waandishi wa programu dunia nzima, Sakila ni pomboo: yule anayeruka juu ya maandishi ya MySQL, mojawapo ya kanzidata zilizoenea zaidi tangu kompyuta zianze kuunganishwa na intaneti. Kampuni ya Sweden iliyoitengeneza iliitisha shindano la kumpa pomboo huyo jina. Likashinda pendekezo la mwandishi wa programu mwenye asili ya Uganda aliyekuwa Swaziland, nchi inayoitwa Eswatini hivi sasa. Alieleza kwamba Sakila ni jina la kike lenye asili ya Kiswati, na pia ni jina la mji mkoani Arusha. Hadi leo anayejifunza MySQL hupewa kanzidata ya mazoezi iitwayo sakila, iliyojaa filamu, waigizaji na wateja wa duka la kukodisha filamu ambalo halijawahi kufunguliwa popote.

Mwanafunzi huyo halipi hata senti. Anaipakua MySQL, anaitumia, na akitaka anaufungua msimbo wake na kuubadili. Hata hivyo, Januari 2008 kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani ilitangaza kwamba inainunua kampuni ya MySQL kwa takriban dola bilioni 1. Msimbo wenyewe ulikuwa wazi kwa kila mtu. Sasa bilioni hiyo ilinunua nini?

Ukilijibu swali hilo utakuwa umeielewa biashara moja ya ajabu kidogo, ya kampuni zinazotengeneza zana za waandishi wa programu, zikazigawa bure, kisha zikachukua mamilioni ya wawekezaji kwa ahadi kwamba siku moja faida itakuja. Majina yao hayasikiki mitaani: GitLab, MongoDB, Elastic, Docker, HashiCorp. Lakini benki unayoweka fedha, mtandao wa simu unaotumia na programu ya kuagiza usafiri iliyo mfukoni mwako, ni nadra kukuta haina kipande cha kazi zao au za wenzao.

Leseni mbili, mteja mmoja

Programu huria hutolewa kwa leseni inayomruhusu yeyote kuitumia, kuusoma msimbo wake, kuubadili na kuusambaza, hata kwa biashara. Leseni hizo zinatofautiana ukali. Nyingine hazidai chochote zaidi ya kumtaja mwandishi. Nyingine, kama GPL iliyoasisiwa na Richard Stallman wa Marekani, zina sharti zito: ukiichanganya programu hii na yako kisha ukaisambaza, na yako pia uifungue.

MySQL ilitumia sharti hilo kujipatia kipato. Kwa umma ilitolewa chini ya GPL. Kampuni iliyotaka kuiweka ndani ya bidhaa yake ya siri na kuiuza iliogopa sharti lile, kwa hiyo ilikwenda Sweden kununua leseni ya pili, ya kibiashara, isiyodai msimbo ufunguliwe. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu kampuni ya MySQL ndiyo iliyoshika hakimiliki ya msimbo wake. Mwenye hakimiliki anaweza kuutoa msimbo uleule kwa leseni mbili, kumi au ishirini. Shika neno hilo, hakimiliki, maana ndilo litakaloamua mengi huko mbele.

Red Hat ya Marekani ilipita njia nyingine. Yenyewe haikumiliki Linux na isingeweza kuuza leseni yake ya pili. Iliuza uhakika. Benki inayoendesha seva maelfu haijali kwamba Linux inapatikana bure. Inajali nani atapokea simu saa nane za usiku mfumo ukigoma, nani atatoa marekebisho ya usalama kwa miaka kumi ijayo, na nani amethibitisha kwamba Linux hiyo inaelewana na mashine walizonunua. Kwa usajili wa kila mwaka, Red Hat ikawa kampuni ya kwanza ya programu huria kupita mapato ya dola bilioni 1 kwa mwaka, mwaka 2012. Julai 2019, IBM ilikamilisha kuinunua kwa dola bilioni 34.

Kuna mwekezaji wa Silicon Valley, Peter Levine, aliyeandika mwaka 2014 kwamba Red Hat ya pili haitatokea. Hoja yake ilikuwa kwamba kuuza msaada pekee hakuleti faida ya kutosha kuwekeza katika bidhaa na kukua haraka. Wawekezaji wengi walikubaliana naye, na wakaanza kuzitaka kampuni zao zitafute kitu kingine cha kuuza.

Msimamizi ndiye anayelipa

Mwaka 2011, Dmitriy Zaporozhets alikuwa akiishi Ukraine katika nyumba isiyokuwa na maji ya bomba. Kila siku alikwenda kuchota kwenye kisima cha jumuiya. Kwa maelezo ya kampuni yake mwenyewe, kilichomkera zaidi ya safari za kisimani ni kukosa chombo kizuri cha kushirikiana na wenzake katika kuandika programu. Akakiandika, akakiita GitLab, akakiachia huru. Mholanzi Sid Sijbrandij alikiona, akaona na biashara ndani yake, na wawili hao wakaungana. Mwaka 2015 walipitia Y Combinator, shule mashuhuri ya kampuni changa huko California. Oktoba 2021 GitLab iliingia soko la hisa la Nasdaq kwa bei ya dola 77 kwa hisa.

GitLab ina kiini kilicho huru na ziada ya kulipia. Ugumu wa mfumo huo ni kuamua kipi kiwe wapi. Ukifungia mengi, waandishi wa programu wanakukimbia. Ukiachia mengi, hakuna atakayelipa. GitLab ilijiwekea kanuni na kuitangaza hadharani: angalia ni nani anayekihitaji zaidi kipengele husika. Kama ni mwandishi wa programu mwenyewe, kiwe bure. Kama ni meneja wake, kiingie daraja la kati. Kama ni mkurugenzi, kiingie daraja la juu.

Tazama inavyofanya kazi. Kijana anayehifadhi msimbo wake, kulinganisha matoleo na kumwomba mwenzake aupitie, halipi. Ofisi ikikua, meneja anataka msimbo usiingizwe kwenye mfumo hai mpaka wakubwa wawili wameidhinisha. Hapo analipa. Baadaye mkurugenzi anaulizwa na wakaguzi: nani alibadili nini, lini, na udhaifu wa usalama ulishughulikiwaje? Anayetaka ripoti hiyo anapanda daraja tena. Daraja la kati lilipandishwa mwaka 2023 kutoka dola 19 hadi 29 kwa kila mtumiaji kwa mwezi. Ofisi yenye waandishi 50 ni dola 17,400 kwa mwaka, na haijafika daraja la juu.

Ndiyo maana kampuni hizi hazisikitiki kuona mamilioni wakitumia bidhaa bila kulipa. Wale ndio idara yao ya mauzo. Injinia aliyejifunzia chombo chuoni ataingia nacho kazini, atawazoesha wenzake, na siku ofisi itakapotaka udhibiti, muuzaji atakuta mlango uko wazi. Bidhaa ya bure humkaribisha injinia. Ankara humfuata msimamizi wake.

Mwenye seva akaja na bei yake

Chanzo cha nne cha fedha, na sasa ndicho kikubwa, ni kumwendeshea mteja programu. Kanzidata inahitaji seva, nakala rudufu, ulinzi na mtu wa kuamka ikizimika. MongoDB, kampuni ya New York iliyoanza mwaka 2007 kwa jina la 10gen, ilizindua mwaka 2016 huduma iitwayo Atlas: usisimike chochote, bonyeza, kanzidata iko tayari, lipa kadiri unavyotumia. Katika mwaka wa fedha ulioishia Januari 2025, mapato ya MongoDB yalifika takriban dola bilioni 2, na zaidi ya theluthi mbili yalitoka Atlas.

Tatizo ni kwamba anayejua zaidi kuendesha seva si mwandishi wa kanzidata. Ni Amazon, yenye seva duniani kote na wateja waliokwisha kusajili kadi zao. Sharti la GPL linaamka pale programu inaposambazwa. Anayeiendesha kwenye seva zake na kukuuzia huduma hajakusambazia kitu. Kwa mujibu wa leseni hadaiwi msimbo, wala senti.

Aliyeonja uchungu huo mapema ni Shay Banon. Alianza kazi iliyozaa Elasticsearch akiwa London, akimtengenezea mkewe, mwanafunzi wa upishi, programu ya kutafuta mapishi. Injini hiyo ya utafutaji ikapendwa, ikazaa kampuni ya Elastic mwaka 2012, na kampuni ikaingia soko la hisa la New York mwaka 2018. Lakini tangu 2015 Amazon ilikuwa ikiuza huduma yake ya Elasticsearch, kwa jina hilohilo, bila kuvunja leseni ya msimbo. Januari 2021 Elastic iliachana na leseni huria na kuweka nyingine zinazomzuia mtu kuiuza programu hiyo kama huduma. Amazon ikachukua toleo la mwisho lililokuwa huru, ikalipa jina la OpenSearch na kuendelea nalo. Agosti 2024 Elastic ilirudisha leseni huria kama mojawapo ya chaguo. OpenSearch ilikuwa imekwisha kujisimamia.

MongoDB ilitangulia kuchukua hatua ya namna hiyo Oktoba 2018, kwa leseni mpya inayosema: ukiuza programu hii kama huduma, fungua na msimbo wa mitambo yote unayotumia kuiendesha. Hakuna kampuni kubwa ya seva iliyokubali sharti hilo, na hapana shaka hakuna aliyetarajia wakubali. Shirika linaloamua ipi ni leseni huria na ipi siyo halikuipa leseni hiyo muhuri wake.

Biashara asubuhi, jioni mahesabu

Hapa ndipo wawekezaji wanapoingia. Fedha zao si kama mkopo wa benki, ambao ukilipa deni na riba mmeachana. Mfuko wa mitaji kwa kawaida huwa na uhai wa miaka kumi hivi. Unaweka fedha katika kampuni nyingi changa ukijua nyingi zitakufa, kwa hiyo chache zitakazopona lazima zirudishe mara nyingi sana ya kilichowekwa. Kampuni inayojiendesha vizuri, inayolipa mishahara na kubakiza faida ya wastani, kwa mwekezaji wa aina hii ni hasara iliyovaa suti. Lazima iuzwe au iingie soko la hisa kwa bei kubwa.

Miaka ya mwanzo mambo ni matamu. Mwekezaji huridhika na idadi ya waliopakua na ukubwa wa jumuiya. Saa ya mahesabu huja baadaye, na hapo maswali hubadilika.

Docker ni mfano wa kupendwa bila kulipwa. Teknolojia yake, iliyooneshwa hadharani Machi 2013 na Solomon Hykes, ilibadili namna programu zinavyofungashwa katika makasha na kuhamishwa kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Wawekezaji walimimina zaidi ya dola milioni 200. Matarajio yalikuwa kwamba fedha zitatoka kwenye mitambo ya kusimamia makasha hayo ya programu kwa maelfu. Lakini Google ilileta Kubernetes mwaka 2014, nayo ikiwa huru, na ikalitwaa soko hilo. Novemba 2019 Docker iliuza kitengo chake cha wateja wakubwa kwa kampuni ya Mirantis. Iliyobaki ilijiokoa kwa uamuzi ambao ungeweza kufanyika miaka mingi kabla: Agosti 2021 ilitangaza kwamba kampuni yenye wafanyakazi zaidi ya 250, au mapato yanayozidi dola milioni 10 kwa mwaka, italipia programu ya Docker inayosimikwa kwenye kompyuta za wafanyakazi. Wanafunzi, watu binafsi na ofisi ndogo waliachwa waendelee bure. Manung'uniko yalikuwa mengi, lakini wengi walilipa.

HashiCorp ni kisa kizito zaidi. Mitchell Hashimoto na Armon Dadgar walikutana Chuo Kikuu cha Washington, wakaanzisha kampuni mwaka 2012 na kutoa Terraform mwaka 2014. Kwa Terraform, injinia anaandika kwa maneno mitambo anayoitaka, seva ngapi na mtandao upi, na programu inaijenga. Inaweka kumbukumbu ya kila ilichojenga katika faili moja. Mtu mmoja anaweza kulitunza faili hilo kwenye kompyuta yake. Wakiwa watu ishirini, wawili wakilibadili kwa wakati mmoja, mitambo ya ofisi nzima inaweza kuvurugika. Kwa hiyo HashiCorp iliuza mahali pa kulihifadhi faili, kufuli la kuzuia wawili wasiingie pamoja, na taratibu za kuidhinisha mabadiliko.

Hitaji hilo lilionekana na wengine. Zikazuka kampuni ndogo, kama Spacelift na env0, zilizouza huduma inayofanana na hiyo juu ya Terraform ileile ya bure. HashiCorp ilikuwa imeingia soko la hisa Desemba 2021 kwa dola 80 kwa hisa, wakati fedha zilikuwa zikitafuta pa kwenda. Riba zilipopanda, bei ikaporomoka, na kampuni ilikuwa bado inakula hasara. Tarehe 10 Agosti 2023 ikabadili leseni: tumieni mtakavyo, ila msishindane nasi kwa bidhaa yetu, na kila toleo litakuwa huru kamili baada ya miaka minne.

Katika wiki chache wapinzani wake walijikusanya, wakachukua msimbo wa mwisho uliokuwa huru, wakauita OpenTofu, na Septemba mwaka huohuo wakaukabidhi kwa Linux Foundation. Aprili 2024 IBM ilitangaza kuinunua HashiCorp kwa dola bilioni 6.4, sawa na dola 35 kwa hisa, chini ya nusu ya bei ya siku ya kuingia sokoni. Ununuzi ulikamilika Februari 2025.

Redis, kanzidata iliyoanzishwa na Salvatore Sanfilippo wa Sicily, ilipita njia hiyohiyo Machi 2024. Kabla mwezi haujaisha Amazon, Google na Oracle walikuwa wameunga mkono mradi mbadala uitwao Valkey. Mei 2025 Redis ilirudisha leseni huria miongoni mwa chaguo zake.

Mwenye hakimiliki ndiye mwenye neno

Ni rahisi kuziita kampuni hizi wasaliti. Nadhani si haki. Mishahara ya wahandisi walioandika sehemu kubwa ya msimbo huo ililipwa nazo, na msimbo wa zamani haukunyang'anywa mtu. Kilichokwisha kutolewa huru kitabaki huru. Lakini nao watumiaji hawakukosea kuhisi wamechezewa. Waliochangia marekebisho bila malipo waliamini wanajenga mali ya wote.

Ukweli ulikuwa kwenye karatasi ambayo wachangiaji wengi husaini bila kuisoma. Miradi mingi ya kampuni hizi humtaka mchangiaji akubali mkataba unaoipa kampuni haki ya kuutoa msimbo wake kwa leseni nyingine yoyote. Bila mkataba huo kubadili leseni ni kazi nzito. Linux haiwezi kubadilishwa leseni na kampuni yoyote kwa sababu hakimiliki yake imegawanyika kwa maelfu ya watu na taasisi. Ungelazimika kumwomba kila mmoja, pamoja na warithi wa waliofariki. Kanzidata ya PostgreSQL nayo huendeshwa na jumuiya isiyo na kampuni moja juu yake, na wapo wafanyabiashara wengi wanaoishi kwa kuuza huduma zake bila yeyote kuwa na uwezo wa kuwafungia wengine mlango.

Afrika Mashariki ina mfano wa njia nyingine kabisa. Takwimu za afya za wizara nchini Tanzania na Kenya hupita katika DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, kwa ushirikiano na vyuo vya nchi zinazoitumia, kikiwemo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, ulianza kutumika Eldoret mwaka 2006. Hapo hakuna mwekezaji anayesubiri mara kumi ya fedha zake. Kuna wafadhili, serikali na vyuo, nao wana udhaifu wao, kwani mfadhili akibadili vipaumbele mishahara hukatika. Ila hakuna atakayeamka asubuhi na kuiambia wizara kwamba sharti limebadilika kwa sababu bei ya hisa imeshuka.

Kwa hiyo msimamizi wa teknolojia, awe Dodoma, Nairobi au Kigali, anapoletewa pendekezo la kujenga mfumo juu ya zana ya bure, asiishie kufurahia sifuri iliyo kwenye safu ya gharama. Aulize leseni ni ipi na hakimiliki iko kwa nani. Aulize kampuni iliyo nyuma yake inaishi kwa mapato ya wateja au kwa fedha za wawekezaji, na kama msimbo ukifungwa kesho kuna wengine wenye uwezo wa kuuendeleza. Kama zana ni uti wa mgongo wa kazi yake, atenge fungu la kuilipia mapema, kwa hiari, au ampe injinia wake muda wa kuichangia. Bili ya programu huria ipo tangu siku ya kwanza. Anayeipanga mwenyewe huilipa kwa nafuu kuliko anayesubiri kupangiwa.